Mlango wa Uani

Mke wangu aliomba choo karibu na chumba cha kulala. Hakuomba kitu kingine. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeanza kumsumbua, na choo chetu cha zamani kilikuwa pembeni mwa uani, mbali na mlango wa nyuma. Wakati wa masika njia ile ilikuwa ikiteleza. Siku moja alianguka, akainuka mwenyewe, na asubuhi yake tukinywa chai akaniambia, "Bwana, ukipata nafasi nitengenezee choo cha ndani. Na kitu cha kushikia ukutani. Basi."

Nikamwambia nimemsikia.

Nafasi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimestaafu na kiinua mgongo changu nilikuwa sijakigusa. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani. Kazi yangu ilikuwa kupokea na kutoa vitu: mabomba, vitasa, vigae, makopo ya rangi. Kila vyumba vya wageni vilipofanyiwa ukarabati, walikuja watu na karatasi kubwa zilizokunjwa kama mikeka. Walisimama katikati ya chumba wakinyoosha mikono, huku ukuta, huku dirisha, na baada ya wiki chache chumba kilikuwa kingine kabisa. Mimi nilisimama kando na daftari langu. Nilikuwa nikijiambia kwamba siku moja mtu atakuja na karatasi kama ile kwa ajili yangu. Nasema haya mapema kwa sababu nilipomwambia mke wangu nimemsikia, sikuwa nikifikiria choo.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya Msambweni, upande wa bara wa barabara kuu. Aliijenga ndugu wa mke wangu, mlamu wangu, wakati watoto wetu wangali wadogo. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ilikuwa na milango miwili kama nyumba zote za kwetu. Wa mbele ulitazama baraza, na hapo ndipo wanaume na wageni walipoketi. Wa nyuma ulitazama uani, na huko ndiko walikoingilia wanawake. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Mama mwenye unga mpaka viwikoni hawezi kupita sebuleni mbele ya wazee waliokaa na kofia zao. Huzunguka kwenye mpapai, husukuma ua wa makuti, akaingia. Jirani zetu walisema hodi wakiwa wamekwisha ingia, na hodi yenyewe ilikuwa mwanzo wa habari. Mke wangu alipikia uani, alichambulia mchicha uani, na mchana alisuka ukili wa mikeka pamoja na wenzake, kila mmoja na fundo lake la miyaa, majani makavu ya kusukia. Mimi nilivisikia vicheko vyao kama mtu anavyousikia mngurumo wa friji. Huusikii mpaka siku itakapozimika.

Kwetu, mtu akitaka kuigusa nyumba humwita kwanza fundi aliyeijenga, ikiwa yu hai. Fundi huja, hupewa kahawa, huizunguka nyumba akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, kisha husema nyumba itabeba nini na haitabeba nini. Fundi wangu alikuwa hai, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Sikumwita. Niliuonea haya uzi wake wa kupimia, timazi lake, na penseli yake ya nyuma ya sikio. Nilipanda gari nikaenda Ukunda kutafuta mchoraji wa ramani.

Nilimpata ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu wa bara, mpole, na kompyuta mbili mezani. Alikuja nyumbani siku ambayo mke wangu alikuwa kliniki, akapima kila chumba, akapiga picha. Baada ya wiki mbili akaniita ofisini, akatandaza karatasi.

Ilikuwa kazi nzuri. Sebule na chumba cha kulia chakula vilikuwa kitu kimoja, kipana. Jiko lilikuwa ndani, lenye kabati mpaka darini. Chumba chetu kilikuwa na bafu na choo chake, na vyuma vya kushikia pande mbili. Nyuma, kati ya jiko na stoo, alikuwa ameuacha mlango wa uani mahali pake.

"Huu wa nini?" nikauliza.

"Huo ni mlango wa nyuma, mzee. Nimeona mama ako na vitu zake huko nje, sufuria, mikeka. Nikaonelea tusitoe."

Nikakumbuka vyumba vya hotelini. Kila chumba kilikuwa na mlango mmoja, kitasa kimoja, na upande wa nyuma ukuta mweupe usio na alama. Nikatoa kalamu mfukoni nikaukata ule mlango kwa mistari miwili, nikaweka herufi ya jina langu pembeni, kama nilivyofanya miaka yote kwenye daftari za stoo nilipofuta kitu.

"Hapo weka kabati ya vyombo vya wageni," nikamwambia.

Akaitazama ile mistari. "Mzee, mama amesema nini kuhusu hii? Unajua huwa napenda kuongea na mwenye jiko pia. Anaweza kuja ofisini, ama nikuje mimi."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Sawa, mzee," akasema. Akachora upya, akanirudishia pia ile karatasi ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa na herufi yangu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nimeyasikia masimulizi mengi barazani ya mafundi waliotoroka, ya kuta zilizopasuka kabla ya rangi kukauka. Mimi sina simulizi la namna hiyo. Mchoraji alifanya kazi yake na aliniuliza alilopaswa kuuliza. Kontrakta aliyeniletea alikuwa mtu wa saa na wa neno lake. Simiti haikupunguzwa, vigae vilikaa sawa, na mpaka leo hakuna bomba linalovuja. Kila kilichoharibika katika nyumba ile nilikiharibu mimi kwa kalamu.

Mlamu wangu alizipata habari kutoka kwa lori la mchanga lililopita mbele ya nyumba yake. Alivuka barabara akaja kunisimamia pale nilipokuwa nikihesabu mawe.

"Mlamu," akasema, "nimesikia umeoa mke wa pili."

"Nani kakwambia?"

"Lori limeniambia. Mahari yenyewe naona ni tani saba."

Tukacheka. Mimi na yeye tumetaniana tangu siku niliyomposa dada yake. Nikamkunjulia ramani juu ya rundo la mawe. Aliitazama kwa muda mrefu, akiigeuza kidogo kidogo mpaka mbele ya nyumba kwenye karatasi ikaelekea mbele ya nyumba yenyewe.

"Nzuri," akasema. "Na mlango wa uani uko wapi?"

"Mambo ya kisasa hayo. Mchoraji kasema nyumba hazijengwi hivyo tena."

"Kwa hiyo wanawake wataingilia dirishani."

"Wataingia kwa mbele kama watu."

Alikunja ramani, akanirudishia, akasafisha mikono kwenye kanzu ingawa haikuwa na vumbi. "Nyumba yako," akasema. Hakuja tena mpaka kazi ikaisha.

Mke wangu hakuiona kazi ikiendelea. Kwa sababu ya vumbi nilimpeleka Munje kwa dada yake, nikamwambia kwamba nataka kumshangaza. Aliporudi alisimama sebuleni amevua viatu, akageuka taratibu, akatazama dari. Nikamwonyesha choo. Akashika chuma cha ukutani, akakitikisa kuona kama ni imara.

"Choo kizuri," akasema. "Ahsante."

Kisha akaenda jikoni. Nilimsikia akitembea, akisimama, akitembea tena. Alikuwa akitafuta mlango. Sikumfuata. Aliporudi alichukua mkoba wake, akaenda kupanga nguo.

Wiki ya kwanza jirani wote walikuja kuiona nyumba. Waliingia kwa mbele, wamejifunga buibui kama waendao arusini, wakatembea juu ya vigae kwa ncha za vidole. Wiki ya pili walikuja wachache. Baada ya hapo walikuja wenye shughuli tu.

Nakumbuka alasiri moja. Nilikuwa nimekaa sebuleni na wazee wawili wenzangu wa msikitini, televisheni ikionyesha mpira. Jirani yetu, mama ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisuka ukili na mke wangu, akaja mlangoni na sahani iliyofunikwa kawa. Kanga yake ilikuwa ya kazini, imefifia. Alituona sote watatu, akarudi nyuma hatua moja.

"Hodi. Shikamooni."

"Marahaba. Karibu, pita, yumo chumbani."

"La, niko mbioni. Mpe hivi vitumbua. Mwambie namsalimu."

Aliiweka sahani mkononi mwangu akaondoka. Kutoka chumbani mke wangu akaita, "Nani huyo?"

"Jirani. Kaleta vitumbua."

"Mbona hakuingia?"

"Kasema yuko mbioni."

Wazee wenzangu walikuwa wakitazama mpira. Nikampelekea sahani. Alikuwa ameketi kitandani, fundo la miyaa pembeni, na ukili wake ulikuwa umeanguka sakafuni kwa mizunguko. Alikula kitumbua kimoja polepole, macho yakiwa dirishani. Dirisha lile linatazama ukuta wa tangi la maji.

Sikuzima televisheni wala kuwahamishia wazee barazani. Niliijua sababu ya yule mama kurudi nyuma, lakini kuijua kwangu hakukunifanya nitende lolote. Nilirudi kukaa.

Miezi mitatu hivi baada ya kuhamia, asubuhi ya Jumamosi, mke wangu alitoka chumbani na mkoba mmoja na fundo lake la miyaa chini ya kwapa.

"Nakwenda Munje kumtazama dada. Hajisikii vyema."

"Utarudi lini?"

"Nitakuarifu."

Munje si mbali. Kwa pikipiki unafika kabla chai haijapoa. Lakini wiki ilipita, ikapita nyingine. Nilipompigia simu aliniambia dada bado hajapona, na nyuma ya sauti yake nilimsikia huyo dada akicheka kwa nguvu. Watoto wetu wako mbali na wana nyumba zao. Nilijipikia katika lile jiko la kabati mpaka darini. Nilitumia sufuria moja na bakuli moja, na vile vyombo vya wageni havikutoka kabatini. Mchana nilikuwa nikijikuta nimeongeza sauti ya televisheni bila kutaka kuangalia chochote.

Mwisho nikaenda mwenyewe. Kule Munje nilipokewa kwa heshima zote. Niliketishwa barazani, nikaletewa kahawa na kashata. Nyuma ya nyumba nilizisikia sauti nne au tano za wanawake, na moja ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa akisimulia kitu kirefu, na wenzake walikuwa wakimkatiza kwa vicheko. Sikuwa nimemsikia akisimulia hivyo tangu nyumba ilipokwisha. Nilikaa pale na kikombe changu, mgeni kwa shemeji, nikisubiri hadithi iishe.

Mke wangu akaja akaketi ndani ya mlango, mimi nikiwa nje.

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

"Nyumbani kuna nini?"

"Kuna choo chako."

Akacheka kidogo. "Ni kweli. Choo ni kizuri. Cha hapa ni cha nje, na dada hunishika mkono kwenda."

"Basi mbona huji?"

"Bwana, sikukasirika. Ningekasirika ningepoa. Mle ndani siku nzima nasikia magari ya barabarani na mpira wako. Mtu akija anasimama mlangoni kama mdai. Nikitaka kumwona jirani yangu lazima nijifunge niende kwake, na nyonga hii hainipeleki."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza?"

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka hufumba macho. "Ni yule mchoraji," nikasema. "Mtu wa bara, hajui desturi zetu. Ndiye aliyeutoa mlango."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekwambia mvua inanyesha na wewe umesimama naye juani.

"Haya," akasema. "Nenda salama. Barabara ina vumbi."

Njiani kurudi nilimwambia mwenye pikipiki asimamishe kwa mlamu wangu. Nilimkuta anachonga mwiko wa mti. Nikakaa kwenye gogo lake, nikamwambia yote. Nilimwambia mlango ulikuwa kwenye karatasi ya kwanza na mchoraji aliuliza, kwamba mimi ndiye niliyeukata, kisha nikamdanganya yeye siku ile kwenye rundo la mawe na sasa nimemdanganya na dada yake.

Aliendelea kuchonga. "Unataka nini kwangu?"

"Unifungulie mlango."

"Fundi wako yuko Ukunda."

"Fundi wangu ni wewe. Nilipaswa kukuita mwanzo."

Akapuliza vumbi kwenye mti. "Kahawa hukunipa."

"Nitakupa."

"Ya tangawizi," akasema. "Nami sitakuwa na haraka kuimaliza."

Alikuja siku ya pili. Alikunywa vikombe vitatu, mimi nikiwa nimesimama. Kisha akazunguka nyumba akigonga ukuta kwa vidole vyake, ule ukuta wa mawe aliouweka yeye na ile sehemu ya matofali iliyozibwa na kontrakta. Aliisifu kazi ya mwenzake. Alipofika nyuma akaweka alama kwa penseli, akadondosha timazi, akanipa nyundo na tindo.

"Mimi?"

"Aliyeziba ndiye azibue. Mimi nitakuambia ukikosea."

Nilivunja mimi, mzee mwenye mabega mabovu, na yeye alikaa kwenye karai lililopinduliwa akinielekeza na kunicheka. "Gonga, mlamu. Unalibembeleza jiwe, au unaliposa?" Kabati ya wageni tuliitoa ikiwa nzima. Tulipofika tofali la mwisho mwanga wa uani uliingia jikoni mpaka kwenye vigae, na nikaona jinsi uani kulivyokuwa kumeota majani. Jiko la mawe matatu lilikuwa limefunikwa na mmea unaotambaa. Sikuwa nimekanyaga kule kwa miezi.

Fremu aliitengeneza yeye. Kizingiti cha chini nilimwambia asikiweke kabisa, kwa ajili ya ile nyonga. Akaniangalia, akasema, "Angalau hilo umelifikiria," akapasawazisha na sakafu. Mimi nilifyeka uani, nikatandika zege nyembamba kwenye ile njia ya kuteleza, nikashona upya ua wa makuti. Kisha nikampelekea mke wangu salamu kwa mlamu kwamba mlango upo. Sikuongeza neno.

Alikuja siku ya Alhamisi. Nilikuwa sebuleni. Nilisikia ua ukisukumwa, nikasikia fimbo aliyoanza kutembelea kule Munje ikigonga zege, tok, tok, mpaka mlangoni. Fimbo ikanyamaza.

"Hodi," akasema.

Tumekaa katika nyumba ile tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Sikuwahi hata mara moja kumsikia akipiga hodi mlango huo. Niliingia jikoni, nikashindwa kujua mtu hujibu nini. Akasema tena, kwa upole, "Hodi humu."

"Karibu," nikasema.

Aliingia. Aligusa fremu, akapitisha mguu pale ambapo kizingiti kingekuwa, akatazama uani. Nikamvutia kiti. Nikachemsha chai, ya kwangu mbaya, akainywa.

"Ule mlango," nikaanza, "niliufuta mimi. Mchoraji alikuwa ameuacha. Nilikudanganya kule Munje."

"Najua."

"Mlamu kakwambia?"

"Hajaniambia kitu. Karatasi niliiona nikipanga nguo, wiki ya kwanza niliyorudi. Mistari miwili na herufi yako." Aliweka kikombe chini. "Miaka yote ya stoo nimekuona ukifuta vitu namna hiyo hiyo kwenye daftari ulizoleta nyumbani. Nilingoja uniambie. Nilipokwenda Munje nilikuwa bado nangoja."

"Naomba radhi."

"Radhi nimekupa," akasema. "Hilo limekwisha."

Lakini wakati adhana ya alasiri ilipoadhiniwa alisimama, akachukua fimbo yake, akasema dada anamngoja. Nilimsindikiza mpaka kwenye ua. Nilimwuliza kama atakuja tena.

"Nitakuja kuwatazama majirani," akasema.

Amekuja, kweli. Huja Alhamisi, mara nyingine na Jumapili. Majirani wakisikia yupo huzunguka kwenye mpapai na miyaa yao, nami huhamia barazani kwa mbele, maana nikikaa karibu hawataongea. Hutumia choo chake, hushika chuma, husema ni kizuri. Jioni inapokaribia huondoka. Na kila anapofika, kabla ya kuingia katika nyumba yake mwenyewe, hupiga hodi.

Siku nyingine zote uani hakuna mtu. Komeo la ule mlango sijalifunga mchana hata siku moja tangu ulipowekwa. Televisheni nimempa mlamu wangu, ambaye anasema anaitazama kwa shida kwa kuwa haina utani. Nyumba iko kimya, na kutoka hapa ninapokaa nasikia vizuri upande wa nyuma: kuku wa jirani, makuti yakisuguana, mara nyingine hatua zinazopita bila kusimama. Huziitikia kimoyomoyo, karibu, karibu. Natega sikio kungojea siku fimbo itakapogonga zege, tok, tok, ikafika mlangoni na isinyamaze.